Mkanda wa Vipande: Habari za Kamba, Mikono na Mitambo

Naamini mmekwisha kaa vizuri, na mwalimu wa darasa ana chaki yake tayari. Kabla hatujaanza nawaombeni jambo moja. Kama yuko mmoja wenu aliyekuja darasani kwa baiskeli, ailete karibu na mlango wenzake waione. Tutaihitaji baadaye.

Somo letu la leo ni habari za mkanda wa kuchukulia vitu kiwandani. Wengi wenu mnaujua mkanda wa mashine ya kusaga unga, ule unaozunguka kwa kasi kati ya injini na kinu mchana kutwa. Mkanda ule hauchukui mzigo. Kazi yake ni kupeleka nguvu ya injini kwenye kinu. Huu ninaotaka kuwaelezeni ni mwingine. Huu hulazwa kama meza ndefu, na juu yake huwekwa vitu: makaa ya mawe, chupa, mikate, samaki. Mkanda hutembea, na mzigo husafiri juu yake. Mtu husimama mahali pamoja na kazi humjia. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: mkanda, kipande, bawaba, pini.

Jambo hili si la jana. Katika miaka ya 1780 alikuwako Mmarekani mmoja, jina lake Oliver Evans, wa jimbo la Delaware. Wakati ule katika vinu vya ngano watu walipandisha magunia mgongoni, ngazi baada ya ngazi, mpaka darini, kisha unga ukateremshwa, ukapandishwa tena. Evans aliona kuwa jasho lile linapotea bure. Akafunga vikombe vidogo katika mkanda mrefu, vikawa vinachota nafaka chini na kuimwaga juu, siku nzima bila kuchoka. Akaweka na mkanda mwingine mpana wa kulala, wa kuchukua nafaka kutoka upande mmoja hata upande wa pili. Nguvu yote ilitoka katika gurudumu la maji ya mto. Mwaka 1790 serikali ya Marekani ikampa hati ya kulinda uvumbuzi wake, nayo ilikuwa hati ya tatu kutolewa na serikali ile, maana nchi yenyewe ilikuwa bado changa. Mwaka 1795 Evans akachapisha kitabu cha kuwafundisha mafundi wa vinu.

Mikanda ya zamani zile ilikuwa ya ngozi au ya turubai. Ilifaa kwa nafaka, lakini kwa mawe haikufaa hata kidogo. Miaka mia moja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1890, kijana mmoja aitwaye Thomas Robins alikwenda Ogdensburg, katika jimbo la New Jersey, ambako Thomas Edison, yule bwana wa taa za umeme, alikuwa na machimbo ya chuma. Robins aliona mawe yakiula mkanda kama panya wanavyokula gunia. Akafikiri, akaweka mpira mnene upande wa juu, yaani upande unaopigwa na mawe. Mkanda wake ukadumu. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900 ukapata tuzo ya kwanza.

Habari za Henry Ford mmekwisha kuzisikia labda, kwa hiyo nitazipita haraka. Mwaka 1913, katika kiwanda chake cha Highland Park, motokaa zilianza kuvutwa polepole mbele ya wafanyakazi, kila mtu akitia kipande chake. Kazi ya kuunganisha gari moja iliyochukua saa 12 na nusu ikashuka hata dakika 93. Watu husema Ford aligundua mkanda. Sivyo. Mara ya kwanza gari lilivutwa kwa kamba tu, baadaye kwa mnyororo. Alichogundua ni namna ya kumfanya mtu afuate mwendo wa mashine, badala ya mashine kufuata mwendo wa mtu. Wafanyakazi hawakuipenda kazi ile, wakawa wanaacha kwa makundi, na Januari 1914 Ford akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, kiasi cha mara mbili ya ule wa kwanza, ili wabaki.

Sasa tufike kwenye habari ninayoitaka hasa. Nayo ni habari ya kamba. Msicheke! Sisemi kamba ya kufungia mbuzi. Nasema kamba wa baharini, wale wanaovuliwa kwetu katika delta ya Rufiji na pwani ya Malindi. Aliyewahi kumenya kamba anajua taabu yake. Ganda lake ni jembamba lakini lina ncha, na katika mwili wake mna maji yanayouma ngozi. Ukimenya kamba wa mchuzi wa jioni, vidole vitawasha kidogo, basi. Lakini ukimenya kutwa nzima, na kesho tena, na keshokutwa tena, vidole huchubuka vikatoka damu.

Katika Ghuba ya Meksiko, kusini ya Marekani, kuna mji uitwao Biloxi, katika jimbo la Mississippi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji ule ulikuwa na viwanda vingi vya kutia kamba na chaza katika makopo. Kazi ya kumenya ilifanywa na wanawake na watoto. Wengine walikuwa wenyeji, wengine walikuwa wageni waliotoka Ulaya ya Mashariki, wakaletwa kutoka mji wa Baltimore kwa msimu wa kazi, wakapewa vibanda vya kulala. Hawakulipwa kwa saa. Walilipwa kwa kadiri ya kamba waliowamenya. Kwa hiyo mama aliyekuwa na watoto watatu aliwaleta wote watatu, maana mikono minane hujaza ndoo upesi kuliko miwili.

Mwaka 1911 alifika huko mpiga picha mmoja, Lewis Hine. Alitumwa na Halmashauri ya Taifa ya Kazi za Watoto, chama cha watu waliotaka watoto watolewe viwandani. Hine alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa mpiga picha, na alijua kuwa wakubwa hawataamini maneno matupu. Akapiga picha. Katika moja anaonekana mtoto wa miaka mitano, amesimama na vyungu vya kazi mikononi, na nyuma yake mlima wa maganda ya chaza. Hine aliandika chini ya picha kuwa mtoto yule ni mmenya kamba, wala hajui neno moja la Kiingereza. Picha hizo zipo hata leo katika maktaba kubwa ya Washington, na mtu yeyote aweza kuziona.

Maji ya kamba yalikula vidole, yakala hata ngozi ya viatu. Watu wengine walitumbukiza mikono katika maji ya shabu ili ngozi ikauke iwe ngumu, kisha wakarudi kazini.

Je, sheria ilifanya nini? Mwaka 1916 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia bidhaa zilizofanywa na watoto zisiuzwe kutoka jimbo moja hata jingine. Mwaka 1918 Mahakama Kuu ikaifuta, ikisema kuwa bunge limevuka mipaka ya mamlaka yake. Watoto wakangoja miaka 20 mingine. Sheria iliyosimama ni ile ya mwaka 1938. Mimi huona ajabu kila nikifikiri hesabu hiyo: yule wa miaka mitano katika picha alikuwa amekwisha kuwa mtu wa miaka 32.

Hata baada ya watoto kutolewa, kamba walibaki kumenywa kwa mikono ya watu wazima. Halafu ikaja Vita Kuu ya Pili, watu wakawa adimu. Katika mji wa Houma, jimbo la Louisiana, palikuwa na jamaa moja iliyofanya biashara ya kamba, jamaa ya Lapeyre. Mtoto wao James Martial Lapeyre alikuwa kijana hajatimiza miaka 20. Inasimuliwa kuwa siku moja alimkanyaga kamba kwa kiatu chake cha mpira, akaona nyama imechupa nje nzima, na ganda limebaki chini ya kiatu. Mtu mwingine angefuta kiatu akaenda zake. Kijana yule alisimama akafikiri. Inasimuliwa pia kuwa alikwenda kujaribu kwa mashine ya nyumbani ya kukamulia nguo, ile yenye magogo mawili ya mpira yanayozunguka.

Mashine iliyotoka katika jaribio lile ni hivi. Magogo membamba yamelazwa mteremko, mamoja karibu na mengine, nayo yanazunguka huku na huku. Kamba humwagwa juu pamoja na maji mengi. Ganda, kwa kuwa ni jembamba, hukamatwa kati ya magogo likavutwa chini. Nyama, kwa kuwa ni nene, haiwezi kupita. Hubaki juu, ikateremka na maji mpaka mwisho. Hati ya uvumbuzi ilitolewa mwaka 1947. Mwaka 1949 kampuni ikaanzishwa mjini New Orleans, ikaitwa Laitram. Mkitaka kujua jina hilo limetoka wapi, mwalimu aandike ubaoni MARTIAL, kisha mmoja wenu alisome kutoka mwisho kuja mwanzo. Ni zoezi zuri la kusoma.

Mashine ile iliondoa mateso ya vidole. Hilo ni kweli, wala sitaki mtu alidharau. Lakini ni kweli vilevile kuwa mikono mingi haikuhitajiwa tena viwandani, na mama aliyelipwa kwa ndoo hakulipwa kwa ndoo ambayo mashine imeijaza. Yote mawili yalitokea pamoja, katika miji ileile.

Tena sikilizeni hili. Wenye mashine hawakuiuza, waliikodisha. Kodi ilihesabiwa kwa mizunguko ya magogo, kama vile mita ya teksi. Viwanda vya Ghuba ya Meksiko vilitozwa bei moja, na viwanda vya kaskazini-magharibi, huko Alaska, Oregon na Washington, vilitozwa maradufu, kwa mashine ileile. Kwa nini? Kamba wa huko ni wadogo. Kuwamenya kwa mkono kulikula saa nyingi zaidi, kwa hiyo mwenye kiwanda cha huko aliokoa mishahara mingi zaidi kwa kutumia mashine. Wenye mashine wakasema: kwa kuwa faida yako ni mara mbili, lipa mara mbili. Yaani kodi ilipimwa kwa mikono ya watu ambao hawako tena! Na tena wenye mashine wenyewe walikuwa na kiwanda chao cha kamba katika Ghuba, wakishindana sokoni na hao wanaowatoza. Mwaka 1964 Tume ya Biashara ya serikali kuu iliamua kuwa jambo hilo si halali. Wakakata rufani, na mwaka 1966 mahakama ya rufani ikaukubali uamuzi wa Tume. Kwa maoni yangu Tume iliamua vema.

Lakini mkanda uko wapi katika habari hii? Sasa unakuja.

Kiwanda cha kamba ni mahali pa maji na chumvi. Kamba wakitoka katika mashine lazima wachukuliwe mbele, wapikwe, wapozwe, wachaguliwe. Mkanda wa chuma hupata kutu. Mkanda wa kitambaa na mpira una taabu nyingine: hauvutwi ila kwa kukazwa sana juu ya magurudumu laini, na ukilowa huteleza, ukikazwa zaidi hutanuka, ukilegea huenda upande, ukajisugua ukingoni na kuchanika. Na ukichanika mahali pamoja, mkanda wote umeharibika. Kazi husimama, na samaki hamngoji fundi.

Lapeyre akatafuta dawa, na mwaka 1971 ikazaliwa kampuni ya pili, Intralox, kwa ajili ya mkanda mpya wa plastiki. Mkanda huo haukuwa kitu kimoja kirefu. Ulikuwa vipande vidogo vingi vilivyounganishwa.

Haya, itazameni baiskeli. Geuzeni pedali polepole. Mnyororo ni nini? Ni vipande vidogo vya chuma, kila kimoja kimeshikwa na mwenzake kwa pini, na kila pini ni bawaba, kama bawaba ya mlango. Mnyororo wa namna hii ulitengenezwa mwaka 1880 na Hans Renold, Mswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza. Tazameni tena: mnyororo hauteleзi, kwa sababu meno ya gurudumu yanaingia katika nafasi za mnyororo. Wala hauhitaji kukazwa kama uzi wa ngoma. Upande wa chini waweza kulegea kidogo, na baiskeli ikaenda.

Sasa fikirini mnyororo ule umepanuliwa ukawa mpana kama kitanda, na badala ya chuma ni plastiki. Huo ndio mkanda wa vipande. Kila kipande kina vidole pande mbili, na kila kidole kina tundu. Vidole vya kipande kimoja huingia kati ya vidole vya kipande cha mbele, kama mtu anavyofumbata mikono yake, kisha pini ndefu hupitishwa katika matundu yote kwa mara moja. Mkanda ukitakiwa kuwa mpana, vipande hupangwa kama matofali ya ukuta, viungo vya mstari mmoja visikutane na viungo vya mstari wa pili, na mkanda hupata nguvu. Chini yake magurudumu ya meno huusukuma bila kuteleza, hata ukiwa umelowa chapa.

Kipande kimoja kikivunjika, fundi huchomoa pini, hutoa kipande kibovu, hutia kizima, hurudisha pini, na kazi inaendelea. Hahitaji gundi wala moto wala mashine ya kushonea. Mkanda ukitakiwa kurefushwa, huongezwa mistari. Mimi naona akili yote ya uvumbuzi huu iko hapo. Mkanda wa zamani ulikuwa kama shuka, huu ni kama mkeka ambao ukucha mmoja waweza kutolewa na kutiwa mwingine bila kufumua wote.

Plastiki nayo ina tabia zake. Ikipata moto hutanuka kuliko chuma. Mkanda mrefu unaoingia katika maji ya moto huongezeka sentimita kadhaa, kwa urefu na kwa upana. Ukiufunga kwa nguvu pande zote, utajikunja na kupanda juu. Kwa hiyo mafundi huweka magurudumu ya meno juu ya mhimili wa mraba, wakalifunga moja tu la katikati. Mengine huachwa yasogee pembeni pamoja na mkanda. Na upande wa kurudi, ule wa chini, huachwa ulegee kidogo makusudi, ili urefu ulioongezeka upate mahali pa kwenda.

Leo mikanda ya namna hii hutumika duniani katika viwanda vya mikate, nyama, samaki, soda, mboga, hata matairi ya magari. Katika viwanda vya chakula mingi ni ya rangi ya buluu. Si kwa urembo. Chakula cha buluu ni adimu sana, kwa hiyo kipande cha plastiki kikimeguka kikaanguka juu ya minofu ya samaki, mfanyakazi hukiona mara moja. Lakini bawaba zile, ambazo ndizo sifa ya mkanda, ndizo pia mahali pa uchafu. Mabaki ya chakula hujificha kati ya vidole na pini, na vijidudu huzaa humo. Vipo vijidudu vinavyoweza kuishi hata katika chumba cha baridi, kwa mfano listeria, navyo huweza kumwua mtu, hasa mzee, mtoto mchanga au mjamzito aliye katika hatari ya kupoteza mimba. Kwa hiyo mkanda huoshwa ukiwa unazunguka, kwa maji na dawa, ili kila bawaba inapozunguka gurudumu ifunguke na kupata maji.

Kama mmoja wenu ameajiriwa au ataajiriwa penye mikanda ya namna yoyote, asikilize sana hapa. Mahali pa hatari si katikati ya mkanda, ni mwisho wake, pale unapokutana na gurudumu. Pale ndipo mkono humezwa. Mkanda uendao polepole huonekana mpole, lakini hauna huruma, maana injini haijui kama imeshika samaki au kidole. Mikono mirefu ya shati ifungwe, kanga na lemba visining'inie, nywele ndefu zifunikwe. Usichomoe kitu kilichokwama kabla mashine haijasimamishwa na umeme kufungwa kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa yule anayetia mkono, si mfukoni mwa msimamizi. Viwanda vingi vina kamba, sasa nasema ile ya kuvuta, iliyopitishwa kando ya mkanda wote. Ukiivuta mkanda husimama. Siku ya kwanza ya kazi, kabla ya kuuliza habari za mshahara, uliza kamba hiyo iko wapi. Na pakiwa na maandishi juu yake, yasome mwenyewe.

James Lapeyre alifariki mwaka 1989, naye ameacha hati nyingi za uvumbuzi. Mashine za magogo bado zinamenya kamba katika nchi nyingi. Lakini haziwamenyi wote sawasawa. Huyu hubaki na mkia, yule hubaki na kipande cha ganda shingoni. Kwa hiyo baada ya mashine, kamba humwagwa juu ya mkanda unaokwenda polepole, na kando ya mkanda, huku na huku, husimama watu, wengi wao wanawake, wamevaa glavu, wakitazama na kuokota maganda yaliyobaki kwa vidole vyao.

Juma lijalo tutasoma habari za kopo la bati. Kwaherini.